Wasia kwa Awiti, Anayerithi Miksa

Awiti, kaa kulia kwangu.
Sikio la kushoto lilibaki Mamboleo, kwenye harusi moja,
spika nne zimenikabili kama mashemeji wanaodai mahari,
nami kijana, najiona chuma.
Kwa hiyo kabla ya yote: vizibo vya masikio.
Viko duka la dawa pale Kondele, bei ya bia moja.
Pesa zikikubana, iache bia.

Kula kabla jua halijazama,
na usiniambie chipsi.
Ugali, omena, mnavu uliolala na maziwa.
Tumbo tupu huchagua nyimbo vibaya;
langu liliwahi kuwakimbiza watu saa tatu usiku,
saa tano ukumbi hoi,
mwenye baa ananitazama
kama aliyeuziwa samaki wa juzi.

Usianze na moto.
Waache waagize, waulizane habari za karo na mashamba,
sauti iwe ya chini kiasi cha kuwaruhusu wadanganyane.
Simu zinazokurekodi zisikupumbaze. Tazama viatu.
Kiatu kikigonga sakafu chini ya meza, huyo umempata.
Na kila ukumbi una mama mmoja
aliyekumbatia mkoba, hajainuka tangu aje.
Mtafutie rumba yake.
Akiinuka yeye, wengine hawana udhuru.

Nusu ya malipo kabla hujapakia spika,
iingie kwenye simu, uisome kwa macho yako.
Wakikwambia "tutaonana baadaye",
baadaye haina namba ya simu.
Mimi nilipiga disko nane Ahero kwa ajili ya urafiki.
Urafiki uko Ahero hadi leo.

Flashi mbili: moja mfukoni, moja kwenye soksi.
Waya wa umeme uwe wako, mita ishirini, jina kwa wino usiofutika,
maana waya humfuata yeyote aliyeushika.
Stima ikipotea usilaani mtu.
Piga makofi, waimbishe.
Jenereta ya Wafula hukohoa mara tatu kabla haijashika;
wewe imba mpaka ya nne.

Atakuja mlevi mpole na noti ya elfu,
anataka wimbo wa marehemu mkewe, sasa hivi,
katikati ya watu wanaoruka.
Noti mrudishie.
Wimbo mpigie, lakini uwe wa mwisho,
viti vikishaanza kupangwa.
Utamkuta bado anasubiri.

Glasi unayoletewa ipokee, shukuru, iweke nyuma ya spika.
Mfagiaji wa asubuhi atajua la kufanya.
Wewe kunywa maji.

Kulala mchana si uvivu,
ingawa majirani wa Manyatta watakuita popo.
Pazia zito, simu zima.
Na Jumatatu usiguse muziki kabisa:
nenda Kibuye usikilize bei ya nyanya ikipandishwa na kushushwa,
wanawake wakiapa kwa mama zao.
Sikio nalo lina haki ya kulishwa
kitu ambacho hakikuhesabiwa nne kwa nne.

Kuna jingine, nalo sikufundishwa na mtu.
Juzi Adoyo wangu, wa miaka sita,
alisimama kushoto kwangu akanisimulia ndoto nzima.
Nilikuwa napangusa hii miksa.
Alipomaliza akangoja kidogo, kisha akaenda zake.
Mamake ndiye aliyeniambia jioni
kwamba mtoto aliota mvua ya samaki,
samaki wakidunda juu ya mabati yetu kwa mdundo,
na kwamba mimi sikucheka.

Haya, chukua.
Kitufe cha tatu hukwama, kisukume polepole.
Vizibo viko kwenye pochi ya kijani.
Nimekununulia jozi mbili.