Hawakufika

Fomu ilikuja Ijumaa, kurasa nne.
Niliitoa kwa kijana wa fotokopi, Kongowea,
shilingi kumi ukurasa, na mashine ikautafuna wa pili.
Mashindano ya watu wasio na nchi, iliandikwa,
na wenye nchi isiyotambuliwa,
na waliomo ndani ya nchi ya wengine
kama mchanga ndani ya kiatu
(hilo la mchanga ni langu).

Swali la kwanza: Ninyi ni nani?
Wallahi nilikaa na kalamu nusu saa.
Tangu nizaliwe hapa hapa Mtopanga
naulizwa kwa nini mimi si fulani.
Nikaandika: Wapemba wa Mombasa.
Kisha nikarudia kukaza wino
juu ya "wa Mombasa".

Swali la pili, rangi za bendera.
Tulikesha siku tatu.
Makame alitaka kijani cha mikarafuu
aliyosimuliwa na babake, mwenyewe hajaiona.
Kombo akataka nyekundu ya leso ya mamake.
Fundi Athmani wa Mwembe Tayari akakata maneno:
nina mabaki ya sare za shule, buluu,
mwataka, hamtaki?
Tukataka.

Swali la tatu, wimbo wa taifa.
Tuliliruka.

La nne, wachezaji. Hapo sikuinua kichwa.
Faki Shaame, kipa: kuruka kwake
amejifunzia ukuta mmoja wa Chaani
usiku wa msako wa vipande.
Kombo Hamad, winga wa kushoto:
mbio alifunzwa na askari
na hawakumtoza karo.
Mbarouk, beki: darasa la nane
alipata alama mia tatu na sabini,
sekondari ikataka cheti cha kuzaliwa;
sasa asukuma mkokoteni wa maji, Tudor,
na hesabu za madebe hazimpotei.

Chini kabisa, herufi za kusoma kwa macho ya ndege:
nambari za pasipoti, wachezaji wote, pamoja na nakala.

Nilicheka
mpaka kijana wa fotokopi akaniuliza nalilia nini.

Bi Mize, mamake Faki, anayetufulia jezi,
yeye hakucheka.
Basi chezeni huku, alisema. Siku ile ile, saa ile ile.

Jumapili, saa kumi, Uwanja wa Mbuzi.
Kumi na mmoja wakatoka na buluu ya mabaki.
Upande wa pili, nusu uwanja mtupu,
lango bila kipa,
mbuzi wawili wanatafuna karatasi,
na hata hao wana kibati sikioni,
kibati chenye nambari.

Hatukufunga bao.
Kombo alifika langoni mara saba,
mara saba akausimamisha mpira kwenye mstari
akarudi nao.
Haifai, alisema, kumfunga mtu
anayekungoja kwingine.
Na Faki dakika tisini hakuketi,
akiwapigia mabeki makelele, Pandeni! Pandeni!
kama kwamba kuna mtu anakuja.

Jumatatu matokeo yakaingia kwenye simu.
Kanuni ni kanuni: tatu bila.
Jina letu limeandikwa sawasawa,
hakuna herufi iliyokosewa,
na mbele yake neno moja: Hawakufika.

Babu alifika kabla ya lami.
Alifika kabla ya kile kituo cha polisi,
mawe ya msingi wake aliyabeba yeye.

Nilirudi kwa kijana wa fotokopi,
safari hii akakataa pesa.
Nakala kumi na nane, kila mchezaji yake.
Faki ameikunja mara nne, haimtoki mfukoni,
na juzi usiku, kwenye kizuizi cha Nyali,
aliposimamishwa, akaitoa.

Askari akaisoma kwa tochi, polepole,
hadi mwisho.
Wapemba wa Mombasa. Tatu bila.
Kumbe mlifungwa, akasema.

Bado, afande.