Paa Lisionekane

Barua ilikuja na muhuri mwekundu: wageni wanakuja.
Mama alifurahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone,
akaanza kufua hata mapazia.
Hakujua kwamba safari hii
kitakachochinjwa kwa ajili ya mgeni ni mtaa.

Nilikuwa na miaka tisa. Seoul, upande wa kaskazini,
mlima wenye nyumba zilizobebana migongoni,
moshi wa makaa, kamba za nguo,
na uani kwa Bibi Bun-rye mitungi ya kabichi
iliyonizidi kimo.
Wakaja vijana wa kukodiwa, wana fito, na tingatinga la njano.
Polisi walisimama pembeni wakivuta sigara
kama watu wanaongoja basi.
Mitungi ilipopasuka
mtaa mzima ulinuka kitunguu saumu na pilipili,
mlo wa miezi mingi umemwagwa kwa dakika moja.
Bibi hakulia. Alichota kwa viganja, akachambua vigae,
akatugawia.

Tukahamia kando ya barabara kuu iendayo magharibi.
Tukajenga vibanda vya mbao na turubai. Wakabomoa.
Tukajenga. Wakabomoa.
Mara ya tatu alikuja afisa mwenye tai na sauti ya upole.
"Jamani, tuelewane," akasema.
"Mwenge utapita hapa. Na kamera za dunia nzima.
Kukaa, kaeni. Lakini paa lisionekane."

Baba alimtazama usoni, kisha akatazama miguu yake mwenyewe.
Usiku ule tukaanza kuchimba.

Watu wengine huzikwa wakishakufa.
Sisi tulijichimbia wenyewe, tukashuka na sufuria,
na madaftari yangu, na mdogo wangu Gi-tae mwenye pumu,
tukajifunika nailoni, na juu ya nailoni nyasi.
Baridi ya ardhini haipigi kama upepo.
Inakaa. Inakuzoea.
Asubuhi nilikwenda shule nikiwa nimejipangusa magoti,
na mwalimu akatufundisha kuchora pete tano,
kila moja imemshika mwenzake.

Siku yenyewe, moto sikuuona.
Niliona nailoni ikitikisika,
vumbi likidondoka kwenye wali.
Juu yetu vilipita viatu, vingi, vyepesi,
na makofi, na watoto wa shule nyingine wakiimba.
Gi-tae akashikwa na kikohozi.
Mama alimziba mdomo kwa kiganja,
akawa anahesabu kimyakimya, nami nasoma midomo yake,
moja, mbili, tatu,
hadi pikipiki ya mwisho ikaondoka
na mtoto akarudiwa na rangi.

Sasa jambo ambalo sijamwambia mtu.
Wasichana wetu wa mpira wa mikono walipotwaa dhahabu
tulikuwa tumeizunguka redio ya jirani, shimo la pili,
watu kumi na mmoja kwenye nafasi ya wanne,
na tulishangilia. Ndiyo.
Tuliruka mpaka vichwa vikagonga nailoni.
Huko juu askari wa zamu naye akapiga ukelele,
na kwa muda ule mfupi, yeye na sisi,
tulikuwa nchi moja.
Kisha akaikumbuka kazi yake, akagonga rungu ardhini:
nyamazeni huko.

Leo naishi ghorofa ya kumi na nne. Bibi Bun-rye hakufika.
Michezo ikifunguliwa, nchi yoyote ile,
mume wangu hutazama wakimbiaji.
Mimi hutazama kando ya njia:
ukuta uliopakwa rangi juzi,
maua yaliyopandwa mizizi ikiwa bado kwenye mifuko,
nyasi mahali ambapo nyasi hazina kazi.
"Unatafuta nini?" huniuliza.
Naongeza sauti ya televisheni.
Nasikiliza kama kuna anayekohoa.