Sampuli ya Arobaini na Moja

Umeme umekatika tena Upanga,
jenereta linakohoa uani, na mimi
nimeuegemea mlango wa friza kwa bega
kama mtu anayezuia mbuzi asitoke.
Ndani, damu ya watu themanini na wawili:
nusu wagonjwa, nusu majirani zao.

Tunakitafuta kirusi kimoja tu.
Kirusi cha mate, cha busu, cha kijiko cha pamoja,
cha bibi aliyetafuna kiazi kikalainika
akamtia mjukuu kinywani.
Kikishaingia hakitoki. Hujilaza ndani ya seli
kama mpangaji asiyedaiwa kodi,
na wengi wetu tunazeeka nacho bila habari.

Arobaini na moja ni Sikudhani,
fundi cherehani wa Kigogo.
Ilianza na jicho la kushoto: uzi mwekundu
ukageuka kijivu. Kisha mguu
ukaisahau pedali.
Akaambiwa presha. Akaambiwa ana mtu anamchezea.
Akanyweshwa kombe, akachinjiwa kuku mweusi,
miaka sita, hadi picha ya ubongo
ilipotoka na madoa yake meupe.
"Kama chokaa imenidondokea," alisema,
akaniuliza kama inafulika.

Kumweleza, nilishika waya wa pasi yake.
Neva ina ganda, nikasema, kama hili;
likichubuka, umeme unapotelea njiani.
"Na nani kalichubua?"
Walinzi wa mwili wako mwenyewe.
Labda walimkimbiza kirusi zamani,
wakaona kitu kimefanana naye.

Akanyamaza, mkasi mkononi.
Kisha akanisimulia Manzese, mwaka ule,
kijana alivyoitiwa mwizi kwa sababu ya shati.
Shati la mistari tu. Mwizi mwenyewe
alishavuka daraja zamani.
"Nililishona mimi," akasema.
"Kitambaa kile kilitoa mashati kumi na mawili."

Sasa umeme umerudi, mashine inatema majibu.
Wagonjwa: wanacho, wote arobaini na mmoja.
Majirani: wanacho, thelathini na tisa.
Daktari Mlingwa anavua miwani, anaivaa, anaivua.
Karibu mji mzima umelivaa shati lile;
kwa nini kundi likamvamia huyu,
fundi, mama wa watoto wawili,
asiyewahi hata kugombana na konda?

Hapa ndipo penye kazi, na hapa
sina la kumwambia kesho akipiga simu.
Najua atapiga. Huwa anaanza na,
"Ehe, mmemkamata?"

Naandika daftarini: friza, hasi sitini na nane,
mlango ulishikwa kwa dakika hamsini.
Halafu nachukua karatasi nyingine,
naandika namba za wale majirani wawili
ambao damu yao haina kitu.
Nitawapigia asubuhi.
Nitawauliza walilelewa wapi,
na nani aliwalisha.