Bila Kuvua Glavu

Nilikinunua mwaka ule mto ulipoganda mapema,
kidude cha Kaarna, kizito kama jiwe la kunolea,
vitufe vimeinuka, kila kimoja na mlio wake.
Niliandika nacho zizini, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
bila kuvua glavu.

Mimi ni daktari wa mifugo. Mkono mmoja
huwa ndani ya ng'ombe hadi begani.
Wa pili ndio niliowapa nyinyi.
Na nyinyi mliufikiria! Mtu fulani huko Oulu,
mezani pake, aliwaza kidole kinene cha sufu
kikipapasa herufi gizani,
akaweka kinundu kimoja katikati
ili kidole kijue kwao ni wapi.
Jina lake sikulijua. Nilimpenda kama jirani
anayekuachia taa ya nje ikiwaka.

Tulikuwa wengi. Osmo wa posta alikuwa navyo vitatu:
kimoja cha kazi, kimoja cha akiba,
kimoja hakuwahi kukitoa boksini.
Kwenye harusi ya dada yake aligombana na shemeji,
watu wazima wawili, suti zao mpya,
kwa sababu ya betri.
Kila Septemba tulipanga foleni mbele ya ukumbi wenu,
chupa za kahawa kwapani, mvua ya barafu ikituchapa,
tukichekana: wenzetu wana kanisa.

Mgema tulimsifu wenyewe.
Maji yalipoingia tuliyanywa kwa adabu,
tukaambiana ni ladha mpya.

Kwanza kiliondoka kinundu.
Kisha betri: siku sita zikawa tatu, tatu zikawa
"inategemea unavyokitumia."
Kisha vitufe vyote, kwa mkupuo,
kikabaki kioo, kizuri, chembamba,
kisichotambua sufu wala ngozi ya kondoo,
kinachotaka nyama tupu.
Mkasema dawa yake inakuja theluji ikiyeyuka.
Theluji ikayeyuka. Mkasema theluji ijayo.
Mkaniandikia, Mteja Wetu Mpendwa Hilka,
na k moja ya jina langu
mmeidondosha njiani.

Usiku wa Februari, kwa akina Moilanen,
ndama anakuja kinyumenyume, miguu ya nyuma kwanza.
Nilihitaji kipimo cha dawa nilichokihifadhi mwaka juzi.
Nikavua glavu kwa meno.
Kidole chenye damu kikateleza juu ya kioo chenu,
kioo kikaniuliza kama nimeridhika na huduma,
nyota moja hadi tano.
Kisha baridi ikakizima.

Mtoto wa Moilanen, miaka kumi na moja,
akanipa penseli ya useremala.
Nilipiga hesabu kwa kichwa, nikaandika saa na dozi
kwenye ubao wa zizi. Ndama aliishi.
Maandishi bado yapo, karibu na ndoano ya kamba.

Sina hasira. Hasira ni ya mgeni aliyekupunja sokoni
ukajua hutamwona tena.
Osmo naye kanyamaza tu. Jumapili alikuja
na simu ya kampuni nyingine, ameificha mkononi mwa koti
kama mume anayerudi alfajiri,
nami sikumuuliza.
Yangu ilikuwa imeshalala mezani, kifudifudi.

Leo nimekitoa kile cha kwanza kwenye droo.
Betri ilikufa zamani; nimekiunga na waya ukutani.
Kimewaka, kijani, kikalia mlio wake,
na kwa kuwa kimesahau kila kitu, kimeuliza:
Leo ni tarehe ngapi?

Nimekwenda kuchukua glavu mlangoni.
Kidole gumba kimepapasa, kimekiona kinundu.
Nimesita kidogo. Kisha nimeandika
tarehe ya foleni yetu ya kwanza, na saa:
mbili asubuhi kasoro dakika tano,
milango bado haijafunguliwa.