Daftari la Inyala

Ukurasa wa kwanza una doa la mafuta ya gia.
Chini yake majina, kwa penseli:
Kirimi, dereva. Tusekile, dalali wa viazi.
Ambakisye, fundi baiskeli.
Sikitu, na kichanga chake ambacho hakikuandikwa jina
kwa sababu kilikuwa bado hakijaamua kuishi.

Kichanga hicho ni mimi. Ndiye karani sasa.

Lori lilikufa difu mlimani, mwezi wa Juni,
limebeba sabuni ya watu wa Ndola.
Spea ilikuwa Nairobi. Siku kumi na moja
Kirimi alilala kwenye kabini,
ukungu umemfunika kama blanketi lisilopasha.
Hakuwa mhubiri. Alikuwa na kitabu cha nyimbo kwa Kimeru,
kisicho na jalada, na sauti ya mtu
aliyezoea kushindana na injini.

Jumapili akauliza kanisa la Methodisti liko wapi.
Tusekile alicheka hadi akashika gunia.
"Hapa wapo Wamoravia, wana tarumbeta.
Wapo Wakatoliki, wana mnara.
Hao wako sijawasikia. Wao wana nini?"
Akafikiri.
"Wanaulizana," akasema.

Basi wakaulizana, ndani ya ghala,
wamekaa juu ya viazi:
Juma hili, moyo wako umelalaje?

Swali geni. Kwetu mtu huulizwa ng'ombe,
huulizwa mgongo, mbolea imefika au bado.
Ambakisye alinyamaza mpaka koroboi ikawashwa.
Kisha akasema aliuza baiskeli ya marehemu kaka yake
na mjane hakuona hata senti.
Hakuna aliyesema amina.
Tusekile alimpa kiazi cha kuchoma, cha moto,
akawa anakihamisha mkono huu, mkono huu.
Asubuhi alionekana akipanda kwa mjane
kabla umande haujakauka.

Spea ikaja. Lori likaondoka alfajiri, bila hotuba.
Kirimi aliacha kile kitabu ambacho hakuna aliyeweza kukisoma,
na gia ya difu, meno mawili yamekatika.
Tuliitundika kwenye mkaratusi.
Hadi leo ndiyo kengele yetu:
tunaitwa na kile kilichovunjika.

Mwaka wa pili, daftari linasema kumi na wanane.
Mwaka wa tatu, kumi na mmoja.
Usiniulize mapepo. Ilikuwa mizani.
Tusekile alisimama darasani akasema
lumbesa ni wizi uliovaa kofia,
na yeye amewavisha wakulima wengi.
Jumatatu akanunua mizani ya chuma.
Malori ya Dar yakampita, yakasimama kwa jirani.
Watu saba, madalali na wake zao,
wakahamia kwenye tarumbeta.
Mama anasema kipupwe kile walikula viazi
hadi wakasahau harufu ya mchele.

Mchungaji alifika kutoka Mbeya mwaka wa sita,
viatu vimejaa tope la Inyala.
Alitukuta tuna kengele, tuna daftari,
hatuna ubatizo.
"Nani aliwaanzisha?" akauliza.
Watu wakatazama barabara.
Akatubatiza thelathini na wanne kwa ndoo ya bati,
maji baridi kiasi kwamba mzee Nzowa
alimtamka Roho Mtakatifu kwa meno yanayogongana.

Matofali ya kwanza yaliyeyuka kwa mvua.
Ya pili tuliyachoma.

Jumapili iliyopita tulikuwa mia mbili na sita.
Niliita majina kama kawaida, nikianza na la kwanza.
Hapo kanisa zima hunyamaza kidogo.
Huko nje daima kuna lori,
linashusha gia, linaung'ang'ania mlima.
Tunalisikiliza mpaka lipite.
Naandika: Kirimi, hayupo.

Kwa penseli. Mstari huo
sijawahi kuugusa kwa wino.