Droo ya Chini

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa kumi na moja alfajiri,
Mama Nyemo Chibago alizima kompyuta zetu kwa mkono wake
akatukabidhi droo ya chini:
kalamu sita, rula, karatasi za kaboni,
kijitabu cha pasi za kupandia ndege chenye harufu ya stoo.
"Andikeni. Herufi kubwa. Rubani hasomi mapambo."
Tulicheka. Mlagwa alichora twiga kwenye kiti 4A.

Halafu ikaja Ijumaa ile ya Julai,
upepo wa Dodoma unasukuma vumbi hadi chini ya mizani,
na skrini zote zikaganda kwa pamoja,
kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kama kuku aliyepotelewa na vifaranga.
Makao makuu walipokea simu, wakasema: tunashughulikia.
Neno refu, halina saa.

Mbele yangu watu hamsini na wanane:
karani wa wizara na mafaili mapajani,
mzee wa Mpwapwa na makreti mawili ya zabibu,
mama anayewahi kliniki, ameshaacha kuuliza.
Droo ilikwama, ikafunguka kwa teke.
Mama Nyemo hakupaza sauti.
"Orodha ya saa tisa usiku niliichapa. Naichapa kila usiku."
Miezi kumi na minne tulikuwa tunaichana asubuhi
kufungia vitumbua.

Nikaandika. Kiganja kikawa buluu.
Mlagwa akajumlisha mizigo, akafuta, akajumlisha tena;
kilo kumi na moja zimezidi, hazina mwenyewe,
mpaka tulipogundua amempima mtoto pamoja na begi.
Ndege ikaruka, saa mbili na dakika kumi nyuma ya ahadi.
Hakuna aliyepiga makofi.
Kreti moja la zabibu lilibaki kaunta.

Mtandao ulirudi saa nne usiku, ukinyata kama mgoni.
Hapo ndipo kazi ilipoanza:
kumrudisha kila abiria ndani ya mashine iliyomkana,
jina kwa jina, kiti kwa kiti,
watu walioshalala kwao Mbagala na Kimara,
na mimi bado nawapandisha ndege.

Nilipofika wa hamsini na nane skrini ikasita,
ikaniuliza mimi ni nani, nithibitishe.
Niliitazama kidogo.
Kisha nikahesabu kalamu: tano.
Nikachukua mojawapo, nikaandika nyuma ya orodha:
ya sita inunuliwe kabla ya Jumanne.