Saa Moja Kabla ya Mswaki

Saa kumi na mbili na nusu, Timmins,
nyuzi thelathini na moja chini ya sufuri,
theluji imepanda hadi nusu ya dirisha la jikoni.
Nachana pakiti kwa mkasi wa Ginette,
naweka utepe chini ya ulimi:
rangi ya chungwa, ladha ya chungwa
lililolala na betri mfukoni.

Halafu nanyamaza.
Dakika kumi, siku nyingine kumi na tano,
sisemi, simezi, siigusi kahawa.
Maxence anauliza ziliko glavu zake,
namwonyesha kwa kidole: juu ya hita.
Ameshazoea. Anadhani kila baba
huianza siku akiwa bubu.

Ulimi unauma kuliko meno, husemwa.
Sikujua unaweza kuyauma meno yenyewe,
taratibu, alfajiri kwa alfajiri,
kwa uchachu wa kile kile kinachoniweka hai.

Miaka miwili nilifanya kosa la mtu msafi:
utepe ukiyeyuka tu, mbio kwenye mswaki,
nasugua ladha ile kwa hasira,
nasugua, kumbe gamba la jino limelainika
na mimi ndiye ninayelipangusa kama rangi mbichi.
Gego la kwanza lilipasukia kwenye mkate wa kuchoma.
Si mfupa. Si kokwa.
Mkate, na siagi.

Sikwenda kwa daktari.
Mgongo uliovunjikia mgodini nilimwonyesha kila mtu.
Vidonge vilivyofuata nilimficha hata mama.
Na dawa ya kuviacha vidonge
nikaificha kuliko vyote.
Mficha maradhi kifo humuumbua;
mimi niliumbuliwa na tufaha.
Ginette alilikuta sinkini,
limeng'atwa mara moja,
kipande cha jino kimebaki ndani kama mbegu.

Daktari Hrynchuk aliisoma fomu yangu.
Palipoandikwa "dawa unazotumia"
kalamu ilisita mpaka wino ukaacha doa.
Hakuinua hata nyusi.
"Subiri iyeyuke yote," akasema.
"Kisha funda la maji. Lizungushe polepole,
lipite kwenye meno na ufizi, umeze.
Mswaki baada ya saa moja, si kabla.
Na uje kabla hujaumwa."
Akavua glavu zake.
"Dawa usiache. Jino nitaliziba.
Kaburi siwezi kulizibua."

Jino la pembe si dawa ya pengo.
Najua. Ninalo moja la bandia, kushoto,
linapiga mluzi nikitamka jina la mke wangu.
Ya kwangu yamebaki ishirini na sita.
Usiku nayahesabu kwa ncha ya ulimi,
na wazo linakuja, limevaa nguo za hekima:
ukiacha utepe, yatasalimika.
Ndipo namkumbuka Donat,
aliyekutwa ndani ya pikapu, injini inaunguruma,
nje ya uwanja wa magongo ya barafu.
Donat alizikwa na meno yake yote.
Meupe, yamepangika.
Mama yake aliyasifu, jeneza likiwa wazi.

Dakika zimetimia.
Funda. Zungusha. Meza.
Naigeuza saa ya jikoni, ile ya umbo la kitunguu,
hadi sitini; inaanza kutafuna muda.
Navaa buti, nachukua koleo.
Ngazi kwanza, kisha njia, kisha gari,
kisha njia ya Bibi Ouellette wa jirani,
maana zimebaki dakika ishirini
na mtu akikaa ndani ataukimbilia mswaki.

Ananipungia mkono dirishani.
Anadhani ni wema.
Nacheka, kinywa wazi,
na baridi inaingia kupitia pengoni
kama mgeni anayeujua mlango.